Akanyoni na Chumba cha Mzazi

Mwanaume haingii. Hiyo ndiyo sheria aliyoitangaza Mama Daphrose siku ile ile mkwe wake Joëlla alipotoka hospitali na kichanga, na aliitangaza kwa sauti ya kutosha mtaa wote wa Musaga, Bujumbura. Mzazi yuko kwenye ikiriri, siku za kutunzwa baada ya kujifungua, alisema. Alale, ale, anyonyeshe, abembelezwe. Asifagie, asipike, asiinue hata ndoo ya maji. Na kile chumba anacholala, mwanaume asikikanyage, awe padri, awe waziri. Bonfils, baba wa mtoto, aliruhusiwa kwa kuwa hapakuwa na namna, ila apige hodi kwanza.

"Hata nikitaka soksi zangu, Mama?"

"Utaletewa."

Joëlla alinuna siku za mwanzo. Kisha akaanza kuiona faida yake, maana chumba kisichoingiliwa hovyo ni chumba ambacho mtu anaweza kufanyia mambo yake. Akamwomba Bonfils amletee kompyuta, redio yake ya enzi za chuo, ya kupokea na kutuma, na ile antene waliyoitengeneza pamoja wakati wa uchumba, badala ya kwenda ufukweni kama wachumba wengine. Waya ukapitishwa dirishani ukapanda juu ya paa. Mama Daphrose alipoukuta alishika kiuno.

"Hii ni nini?"

"Ya kusikiliza satelite, Mama."

"Iko nzito?"

"Apana. Naketi tu hapa kwa kitanda."

Mama Daphrose alifikiri. Sheria ya ikiriri ilikataza ufagio, jembe, mwiko na ndoo. Kuhusu satelite wazee hawakuacha neno. "Basi keti," alisema, akaenda kumkorogea uji.

Satelite yenyewe iliitwa Akanyoni, yaani kidege, na ukubwa wake haukuzidi mkate wa kukata. Ilitengenezwa katika ofisi ndogo ya anga iliyoko Kigobe, na Joëlla ndiye aliyekuwa mkuu wa kituo, yaani wa wale wanaoongea nayo. Nyaya zake alizichomelea yeye, tumbo likigonga meza. Iliporushwa, alikuwa amebakiza wiki chache kujifungua, na usiku ule alilia mpaka Bonfils akadhani uchungu umeanza. Basi msishangae kwamba alikuwa akiisikiliza huku ananyonyesha. Mtoto Chanelle upande huu, Akanyoni upande ule, na wote wawili walikuwa na tabia ya kulia bila kusema wanataka nini.

Ila kusikiliza ndiyo yote aliyobakiza. Alipoanza likizo ya uzazi, msaidizi wake Hugues, bwana wa suti za kubana na maneno laini, alimwandikia ujumbe uliojaa picha za maua: "Pumzika, Mama Chanelle. Nimebadilisha neno la siri la kuamuru satelite, ili usisumbuke." Bila neno hilo unaweza kumsikia Akanyoni, lakini yeye hakusikii. Ni kama kumwona mwanao ng'ambo ya barabara na mlango umefungiwa kwa nje.

Na wiki ile alichokisikia hakikumpendeza. Kamera ya Akanyoni ilikuwa imegoma kuzimika, ikala betri mchana na usiku. Kila alipopita juu ya Bujumbura alikuwa amedhoofika zaidi. Joëlla akamwandikia Hugues: muamuru alale, haraka. Hugues akajibu: "Madame, ni uchovu. Mutu akizaa anasikia kila kitu kinalia."

Joëlla alilisoma jibu hilo mara tatu, na kila mara masikio yalimwaka moto.

*

Jumamosi mchana alipiga hesabu akaona hakuna tena mchezo. Akanyoni angepita saa kumi alasiri, dakika chache tu, akipanda kusini, akikatiza juu ya ziwa na kuzama kaskazini. Akikosa amri ya kulala mara hiyo, betri itakufa gizani upande wa pili wa dunia, na kazi yao ya miaka itabaki takataka inayozunguka. Akampigia Hugues.

"Madame! Surprise!" Hugues alipokea kwa furaha, kelele za gari nyuma yake. "Tuko njiani. Directeur, ofisi nzima. Tunakuja kukuhongera!"

"Saa ngapi?"

"Saa tisa na nusu tutakuwa kwako."

"Na kwa kituo mumeacha nani?"

"Mashine iko automatique. Na kama umeme haikatike, akuna shida."

"Hugues, kamera inakula betri. Nipe neno la siri, mi nitamulaza hapa hapa."

"Eeh, Madame nawe! Leo ni siku yako. Tulia." Akakata simu.

Joëlla alitaka kuitupa simu ukutani, ila mtoto alikuwa amelala. Ndivyo ulivyo uzazi, hasira zenyewe unazifanya kwa kunong'ona.

*

Walikuja na kila kitu anachostahili mzazi: makreti ya bia na Fanta, vitenge, sabuni, pampasi, na kikapu kikubwa cha mchele na maharagwe kilichofunikwa kitambaa. Mama Daphrose aliwapanga sebuleni kwa vyeo, mgeni mkubwa kwenye kochi zima, wengine kwenye viti vya kukodi. Jirani yao Mwavita, Mkongomani mwenye koo la vigelegele, alikuja bila kualikwa kama kawaida yake, na kama kawaida akaanza kugawa glasi.

Joëlla alitolewa nje ya chumba akiwa amevaa imvutano ya kijani, lile vazi la heshima la kujitanda, akaketishwa aonekane. Walimsifia. Amenenepa vizuri. Mtoto anafanana na baba, masikini. Joëlla alitabasamu, jicho moja likiwa kwenye saa ya ukutani.

Mkurugenzi Callixte akasimama, glasi mkononi. Kwanza akaomba simu zote zizimwe, maana yeye ni mtu wa heshima. Hugues alikuwa wa kwanza kuzima yake, na kuionyesha. Kisha hotuba ikaanza. Na anayeijua Bujumbura anajua: mgeni akishasimama na glasi ya hongera, hakatizwi. Hata nyumba ikishika moto utasubiri afike kwenye shukrani.

Alianzia kwa Mungu, akashuka hadi kwa serikali, akapita kwa wazee waliotangulia. Saa kumi kasorobo alikuwa bado kwenye maana ya neno mama.

"Mama ni nguzo," alisema Callixte. "Na nguzo haitembeetembee. Siye kwa ofisi tumefikiri, tukasema: huyu Mama Chanelle, tutamuletea nini? Bia? Ataleta kila mutu. Basi tumemuletea zawadi moja kubwa." Akanyamaza ili itamaniwe. "Tumemupunguzia muzigo! Akimaliza likizo, hatarudia tena mambo ya kituo, ya kuamka usiku, ya kukimbizana na satelite. Hiyo itabaki kwa Hugues. Mama Chanelle yeye atapokea wanafunzi wanaokuja kutembelea ofisi. Kazi nyepesi, masaa ya mama!"

Watu wakapiga makofi. Mwavita akarusha kigelegele, kwa sababu kigelegele kwake hakihitaji kuelewa. Hugues aliinamisha kichwa kwa unyenyekevu wa mtu aliyeandika hotuba hiyo mwenyewe.

Joëlla alikuwa amenyang'anywa kazi mbele ya watu, na alitakiwa aseme asante. Ukikataa zawadi ya hongera umemtukana mgeni. Ukilia watasema ni furaha. Akamtazama mumewe. Bonfils alikuwa ameuma midomo hadi imekuwa myeupe. Akatazama saa.

"Mnisamehe," alisema, akisimama. "Mutoto ana njaa."

Mtoto alikuwa usingizini, hata hajui anasingiziwa.

Alipopita karibu na Bonfils alimwambia kwa meno yaliyofungwa: "Kwa paa. Sasa."

*

Akafunga mlango, akamlaza Chanelle kitandani, akavaa visikizi. Dakika moja baadaye bati likaanza kulia juu ya vichwa vya wageni, kwa, kwa, kwa.

"Kuna mutu juu?" Sauti ya Callixte ilipenya mlangoni. Hotuba ilikuwa imefika kwenye historia ya anga.

"Ni paka," alisema Mama Daphrose.

"Paka wa viatu?" aliuliza Mwavita.

"Endelea, Directeur."

Bonfils, ndani ya suti yake ya harusi, aliishika antene kwa mikono miwili akaielekeza kusini. Na Joëlla akamsikia. Mlio ulikuja mwembamba, umechoka, ukikatikakatika. Namba zikajipanga kwenye kompyuta: betri ilikuwa chini kuliko alivyoogopa. Akafungua dirisha la amri. Likamwuliza neno la siri. Akajaribu yale ya zamani yote. Hapana. Akajaribu jina la ofisi. Hapana. Alijisikia mjinga na mwenye hasira, na Akanyoni alikuwa anapanda.

Akafungua mlango kijisehemu. Mama Daphrose alikuwa amekaa palepale kizingitini, kwenye kigoda, kama alivyokaa tangu wageni waingie.

"Mama, anakufa."

"Mutoto?" Mama Daphrose aliruka.

"Satelite. Nataka neno la siri. Hugues analo. Hawajui hata kama anapita, wako hapa wote wanakunywa."

Mama Daphrose hakujua betri ni nini kwa Akanyoni wala kamera inakulaje. Alijua jambo moja: kanisa zima la Musaga alikwisha kuliambia kwamba mkwe wake ndiye anayeongoza kile kitu cha mbinguni, na sasa bwana mmoja mwenye glasi amesema mbele ya Mwavita kwamba haongozi tena. Kesho hadithi hiyo ingefika kanisani kabla yake. Alisimama, akachukua chupa.

Mgeni hakatizwi, sawa. Lakini mgeni akimiminiwa na mwenye nyumba, anakunywa. Nayo ni sheria. Alimmiminia Callixte mpaka povu likamwagika vidoleni, na Callixte, mtu wa heshima, akafunga mdomo akanywa.

"Hugues ni nani hapa?" Mama Daphrose aliuliza hapo hapo.

"Ni mimi, Mama."

"Mukwe wangu anataka neno la siri. Satelite iko juu yetu na inakufa."

Callixte aliteremsha glasi, masharubu yana povu. "Inakufa namna gani? Hugues? Si ulisema automatique?"

Hugues akawasha simu yake. Ujumbe kutoka kwa mlinzi wa ofisi ulikuwa unamsubiri: umeme umekatika Kigobe tangu adhuhuri. Suti ikazidi kumbana.

"Niache niingie," alisema, akielekea mlangoni. "Mi nitafanya mwenyewe, ni mambo ya ufundi."

Mama Daphrose alijaza mlango. Hakuwa mwanamke mkubwa, ila mlango wenyewe ulikuwa mwembamba. "Unaenda wapi?"

"Ndani, Mama. Ni satelite ya taifa!"

"Na hiki ni chumba cha mzazi. Mwanaume haingii."

"Mama, tafadhali," alisema Callixte, naye amesimama. "Mi ni Directeur."

"Directeur ni mwanamuke?"

"Apana, lakini—"

"Basi."

Callixte alitazama wageni kuomba msaada. Wanawake wote wa ofisi yake walikuwa wanatikisa kichwa kwa kukubaliana na Mama Daphrose. Si yeye mwenyewe aliyesema nguzo haitembeetembee? Basi nguzo iko ndani, na wao wako nje.

"Sema neno, mi nitamufikishia," alisema Mama Daphrose.

"Niandike kwa karatasi."

"Miwani yangu imepotea."

"Basi nikunong'oneze."

"Sikio langu halisikii kunong'ona. Sema kwa sauti, mwanangu, dege inapita!"

"Ameshafika juu ya ziwa!" alipiga kelele Bonfils kutoka kwenye paa. "Harakisheni!"

Hugues alilegeza tai. Alimtazama mkurugenzi, akatazama mlango, akatazama viatu vyake. "Hugues," alisema taratibu.

"Hugues!" Mama Daphrose alirudisha kwa nguvu. "Ndiyo hiyo tu?"

"Hugues... Directeur."

"Hugues Directeur!"

"Bientôt," alimalizia Hugues, kwa sauti ya mtu anayetubu.

"Hugues Directeur Bientôt!" Mama Daphrose aliupigia mlango, kila neno mbali na mwenzake. Kutoka ndani Joëlla aliuliza kama ni herufi kubwa. Mama Daphrose akauliza. Ndiyo, kila neno lilianza na kubwa. Halafu?

"Alama ya mshangao," alisema Hugues.

"Moja?"

"Tatu."

Mwavita, ambaye hakupenda kitu kipite bila kueleweka, aliwageukia wenzake. "Maana yake nini? Kama Hugues karibu atakuwa directeur? Na huyu Directeur mwingine ataenda wapi?"

Callixte alikuwa ameshika glasi yake mbele ya kifua kama mtu aliyemulikwa na tochi, akimtazama Hugues, na Hugues akiutazama ukuta.

*

Dirisha la amri likafunguka. Joëlla hakuwa na wakati wa kucheka. Akaanza kuandika amri, na hapo ndipo Chanelle, aliyelala wakati wote wa unafiki, akaamua kuamka. Alilia kwa mapafu mazima. Joëlla akambeba kwa mkono mmoja, akaandika kwa mwingine. Akakosea, akafuta, akakosea tena. Mlio masikioni ulianza kufifia. Moyo ulimgawanyika vipande viwili pale pale kitandani, na alijichukia kwa kuwa vipande vyote vilikuwa vyake kwelikweli.

Kisha akafungua mlango na kumpitisha mtoto. "Mama, mumushike."

Mama Daphrose alimpokea. Lakini akimshika mtoto, nani atashika mlango? Hugues alikuwa bado amesimama pale karibu. Bibi alitazama kushoto, akatazama kulia, na aliyekuwa na mikono karibu zaidi alikuwa mgeni wa heshima.

"Weka glasi chini," alimwambia.

"Mimi? Mama, mi sijui—"

"Kichwa! Shika kichwa, Directeur! Mutoto si faili!"

Callixte akamshika. Ofisi nzima ilisimama kuona. Alianza kuyumba bila kujua, kushoto na kulia, na baada ya muda akaanza kutoa mlio fulani wa kooni ambao haukuwa wimbo lakini ulikuwa na nia.

Ndani, Joëlla akatuma: lala. Kimya. "Bonfils, kaskazini! Zungusha!" Bati likalia, kiatu kikateleza, mtu akamtaja Yesu. Akatuma tena: lala. Alisubiri. Katika maisha yake hajawahi kusubiri hivyo, hata leba ilimpa cha kufanya. Halafu namba zikatikisika na Akanyoni akajibu, kwa unyonge lakini wazi: kamera imezimika, amegeuzia jua mabawa yake ya kuchaji betri, amelala.

Joëlla alivua visikizi akalia. Alilia kwa sauti, bila kunong'ona, mpaka sebuleni wakafikiri mambo yameharibika.

"Amelala!" akasema hatimaye. "Amekubali kulala!"

Mwavita akarusha kigelegele, na safari hii alijua sababu.

*

Walipotulia, Callixte akasogea mlangoni, mtoto bado mikononi. Kwenye bega la suti palikuwa na doa jeupe la maziwa, na chini yake lingine lisilokuwa la maziwa.

"Madame Joëlla," aliuambia mlango. "Ninasema mbele ya wote. Lile neno nililosema... tulifanya haraka. Jumatatu asubuhi uje kwa kituo. Tunakuhitaji kabisa."

"Jumatatu?" Mama Daphrose alitoa jicho. "Mzazi wa wiki tatu? Eka, apana!"

Ndani, Joëlla alijifuta machozi. Angalau alikuwa ameona mambo yalivyo: nusu saa iliyopita walimwambia abaki nyumbani asiguse satelite, sasa wanamwambia aache nyumba akaguse. Hakuna aliyeuliza yeye anatakaje. Basi akaona asingoje kuulizwa. Wageni walishatoa neno lao, na kwa desturi wenye nyumba lazima wajibu. Msemaji wao Bonfils alikuwa bado kwenye paa anatafuta ngazi. Akajibu yeye, kupitia mlango, kitu ambacho Musaga haijawahi kusikia kwa mzazi.

"Wageni wetu, tumeshukuru," alisema. Sebule ikatulia, maana anayejibu hongera naye hakatizwi. "Tumeshukuru bia, vitenge na sabuni. Jumatatu sikuji. Niko kwenye ikiriri, na siku zangu nitazimaliza zote na mutoto wangu. Satelite nitaiongoza hapa hapa kitandani, na leo jioni nabadilisha neno la siri. Nikirudi Kigobe, narudi kwa kiti changu, na mutoto atakuja na yaya wake, na mutamutafutia chumba. Directeur, umesikia?"

"Nimesikia," alisema Callixte. Alitaka kuinua mkono kama anaapa, akakumbuka kichwa cha mtoto.

"Imebaki ile zawadi kubwa. Kwetu zawadi ya mgeni haikataliwi. Tumeipokea, sasa ni yetu. Lakini kwetu pia kikapu cha mgeni hakirudishwi kitupu. Mama, muwarudishie kikapu chao, na ndani muweke ile kazi nyepesi ya kupokea wanafunzi. Tumemupa Hugues, kwa moyo wote. Ni masaa mazuri."

Mama Daphrose alimimina mchele na maharagwe ya kikapuni kwenye beseni, kwa utaratibu, mbele ya macho ya watu. Akakifunika tena kikapu kwa kile kitambaa na kukiweka kwenye mapaja ya Hugues kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa. Hugues, ambaye alijua desturi kama wote, akasema asante.

"Na satelite inarudia lini?" aliuliza Callixte kwa sauti ya chini.

"Baada ya saa moja na nusu," alijibu Joëlla kutoka ndani.

"Basi siye twende, tusisumbue." Akamnyooshea Mama Daphrose mtoto. Chanelle alikuwa amelala fofofo, shavu juu ya tai ya mkurugenzi, ngumi imeishika.

Mama Daphrose aliweka mikono nyuma. "Mutu akimuamusha, atamulaza yeye mwenyewe."

Callixte alifikiri juu ya hilo. Kisha akaketi polepole kwenye ncha ya kochi, na kwa kuwa mgeni mkubwa ameketi, ofisi yote ikaketi. Mwavita akafungua bia nyingine kwa meno, kimya kimya.

Joëlla alifunga mlango, akavaa visikizi vyake, akaanza kuandika neno jipya la siri.